Leta wazo lako la biashara ya mtaji usiozidi milioni 3, tulipige msasa kabla hujapigwa wewe

Daftari la Kaunta (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila wiki humu kuna mtu anauliza: "Nina milioni mbili, nifanye biashara gani?" Na kila wiki majibu ni yale yale: fuga kuku, fungua genge, kuwa wakala, lima matikiti. Anashukuru, anaondoka, hatumsikii tena mpaka siku tunapomwona anauza friji kwenye jukwaa la matangazo.

Uzi huu twende kinyume. Wewe ndiye ulete wazo, tena liwe na namba: unanunua wapi na kwa bei gani, unamuuzia nani, kodi ya fremu ni kiasi gani. Sisi kazi yetu kulichana. Mtaji usizidi milioni 3, na iwe hela yako au ya kikoba. Kama ni ya mkopo wa kausha damu, irudishe kwanza ndipo uje, maana sijaona biashara ya mtaani inayolipa riba ile na bado ikakulisha.

Kwa kila wazo nitauliza swali moja, nalisema mapema asije mtu akadhani namwonea. Tarehe 20, Jumanne, mvua inanyesha tangu alfajiri: nani anatoka kwake kuja kukupa hela? Mwisho wa mwezi kila mtu mfanyabiashara. Mshahara ukitoka hata mwenye vitu vya ovyo anauza. Vibiashara vyetu vinafia kati ya tarehe 15 na 25, mteja kabakiza nauli tu, na mwenye fremu hajui mvua wala jua. Ukiweza kunitajia mnunuzi wa tarehe 20 kwa sura yake, tunaongea. Ukisema "watu wengi watapenda", hiyo chai.

Halafu ujilipe kwenye hesabu. Mtu anakwambia napata faida elfu 15 kwa siku. Ukimchunguza, anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa nne usiku, anakula humo humo dukani, watoto wakitoka shule wanachukua soda na biskuti humo humo. Toa hivyo vyote uone kama faida bado ipo au anatafuna mtaji taratibu.

Karibuni. Siasa na mpira peleka kwenye majukwaa yake.

Kifaranga Bandani

Mkuu naanza mimi. Niko Chanika, banda lipo nyuma ya nyumba, sina kodi ya kulipa. Nataka kuanza na kuku wa nyama 100. Kifaranga 1,800, chakula mifuko 6 kwa 80,000, dawa kidogo. Jumla haifiki laki saba. Nauza 9,000 kila kuku, laki tisa. Kila wiki sita natoa laki mbili na zaidi, nikizoea napandisha hadi kuku 500.

Daftari la Kaunta

Safi, umeleta namba. Sasa vumilia.

Mifuko 6 ni kilo 300, maana yake kila kuku kilo 3. Kwa kilo 3 za chakula utapata kuku wa kilo moja na nusu na ushee, tena kama kila kitu kimeenda sawa. Huyo wa 9,000 mteja anataka amshike miguu amsikie mzito. Weka mifuko 7. Halafu umehesabu kwamba wote 100 watafika sokoni, ukipoteza watano tu shukuru Mungu. Mkaa au umeme wa joto wiki za mwanzo hujaweka, maranda ya kutandika hujaweka, na "dawa kidogo" ni chanjo ya kideri, chanjo ya Gumboro, vitamini, na kitu cha kuhara damu.

Tuandike upya kwa bei zako:
Vifaranga 180,000
Chakula 560,000
Chanjo, vitamini na dawa 40,000
Mkaa, maranda na taa 50,000
Jumla 830,000

Kuku 95 kwa 9,000 ni 855,000. Faida yako ni elfu 25 kwa wiki sita, na hapo bado hujajilipa kuamka usiku kuangalia jiko. Dalali akija na kirikuu chake akakwambia 7,500 kwa jumla, unapokea 712,500. Umekula hasara ya laki na kitu huku kuku wamenenepa na majirani wanakusifia.

Jambo linalowamaliza wengi ni hili. Kuku wa wiki sita anakula kama gramu 170 kwa siku. Kuku 95 ni kilo 16, kwa bei ya mfuko wako ni elfu 25 na zaidi. Yaani ukichelewa kuuza siku moja, faida yote uliyoisubiri wiki sita imeliwa kabla jua halijazama. Ndiyo maana dalali haharakishi. Anajua ukipiga simu wiki ya saba utakubali bei yoyote.

Kwa hiyo swali langu: siku ya 40, kuku hao 95 wanakwenda kwa nani? Majina.

Mama Firigisi

Naomba nimsaidie mdogo wangu Kifaranga, maana Daftari amemkatisha tamaa na hesabu zake za mwalimu.

Kuku wa nyama analipa, ila halipi akiuzwa mzima kwa dalali. Usiingize 100 kwa mpigo. Ingiza 30, baada ya wiki mbili 30 wengine, hivyo hivyo. Kila wiki mbili una kuku wa kutoka, na mteja wako hakai mwezi mzima bila mzigo akahamia kwa mwingine. Kabla ya kununua kifaranga hata mmoja, zunguka kwa wauza chipsi wanne na mama lishe wawili, uliza wanachukua kuku wangapi kwa siku na kwa nani. Wanalalamikia nini? Wengi watakwambia kuku analetwa saa tano wakati wao wanawasha jiko saa tatu. Hapo ndipo mlango wako ulipo. Chinja alfajiri, nyonyoa, osha, peleka akiwa safi. Firigisi na maini unauza pembeni, miguu na vichwa wapo wanaochoma jioni na wanavigombania.

Na kingine, mdogo wangu, jifunze kuwasoma vifaranga, usitegemee kipimajoto peke yake. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 au 33. Ukiingia ukawakuta wamebanana juu ya jiko wanapiga kelele, wana baridi. Ukiwakuta wamekimbilia ukutani midomo wazi, umewazidishia joto. Wakiwa wametawanyika wanadonoa, kalale. Chanjo ya kwenye maji usiichanganye na maji ya bomba yaliyotoka muda huo huo, klorini inaiua chanjo na wewe unabaki kujua umechanja. Na uliza duka lilipoitoa: kama ilikuwa juu ya kaunta na siyo kwenye friji, achana nayo.

Vifaranga vya Krismasi kila mtu anaviwinda kuanzia mwanzoni mwa Novemba, bei inapanda. Mwezi wa kwanza ada za shule, kuku hauziki. Panga kwa kalenda ya mifuko ya watu.

Kifaranga Bandani

Shikamoo mama. Huku Chanika wauza chipsi wapo, sikuwahi kuwafikiria, nilikuwa nawaza majirani na sherehe. Naenda kuzunguka kwanza.

Floti Haitoshi

Na mimi nijaribu. Uwakala wa miamala, stendi ya Mbezi. Watu ni wengi mno pale, wanasafiri kutwa. Nina milioni 2 na nusu. Meza, mwavuli, laini za mitandao minne. Naona hii tarehe 20 haina shida mkuu, pesa zinatumwa kila siku.

Kaunta ya Saba

Kaka nipo kwenye hii kazi tangu enzi za kuandika muamala kwenye daftari kubwa, nikujibu mimi.

Toa meza, mwavuli, leseni, unabaki na milioni 2. Nusu iwe keshi mkononi, nusu iwe floti, yaani salio la kwenye simu, ukiigawa kwenye mitandao minne. Keshi ni milioni moja, floti ni laki mbili na nusu kwa kila mtandao. Wakija wawili kila mmoja anataka kutoa laki sita, wa pili huna cha kumpa. Anakuja mwingine anataka kuweka laki nne, floti huna. Wakishakukuta huna mara mbili, hawarudi, wanakwenda kwa yule wa pembeni mwenye milioni 10. Kamisheni inafuata mzunguko, wingi wa watu stendi haukusaidii kama unawarudisha.

Stendi pia ina tatizo lake. Ni wapita njia. Leo yupo, kesho yuko Singida. Wakala wa mtaani ana mama anayetoa hela ya kikoba kila Jumamosi na fundi anayelipwa kila Ijumaa, anajua aandae keshi kiasi gani na lini. Wa stendi anabahatisha kila siku. Na matapeli wanapenda stendi kwa sababu hiyo hiyo, hakuna anayemjua mwenzake. Usitoe hela kwa kusoma meseji, angalia salio. Meseji inatengenezwa na mtoto wa darasa la saba.

Mwaka 2021 tozo za miamala zilipoanza Julai, watu walirudi kubeba hela mfukoni kama zamani, sisi tukabaki tunaangaliana. Kwa hiyo usiseme pesa zinatumwa kila siku. Uwakala ufanye ndani ya biashara nyingine yenye wateja wake. Peke yake kwa milioni 2 utachoka.

Daftari la Kaunta

Umemaliza kila kitu mkuu, sina cha kuongeza.

Bilionea Mtarajiwa

Wakuu mnawaza kizamani. Mimi nataka kutengeneza programu ya simu, mtu anaagiza nyanya, vitunguu na hoho kutoka gengeni akiwa kitandani, bodaboda anampelekea. Dar ina mamilioni ya watu. Nikipata asilimia moja tu ya hao…

Kaunta ya Saba

Asilimia moja ndugu yangu imeua watu wengi.

Daftari la Kaunta

Bilionea, nyanya za elfu moja, bodaboda elfu mbili. Nani anakubali? Chukua kundi la WhatsApp la apatimenti moja tu, chukua oda jioni kwa daftari, asubuhi nenda sokoni mwenyewe, pelekea wote kwa safari moja. Ukipata kaya 15 zinazoagiza wiki nzima bila kukumbushwa, rudi tuongelee programu. Usipozipata, umeokoa milioni 3 za kumlipa kijana wa kompyuta.

Kongowea Sokoni

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Nimekuwa nikisoma kimya kimya, nimeona nichangie jambo moja kabla hamjafika kwenye wazo la kufuga sungura, maana najua mtafika.

Huku Kenya mwaka 2013 kuingia 2014 tulishikwa na homa ya kware. Ilivuma kuwa mayai yake yanatibu kila ugonjwa uliopo duniani: sukari, presha, pumu, mpaka nguvu za kiume. Yai moja dogo la madoadoa likauzwa bei ambayo ungenunua mayai kadhaa ya kuku. Watu walivunja akiba, wakachukua mikopo, wakapanga foleni kwa Shirika la Wanyamapori kuomba leseni, kwani kware alihesabiwa ndege wa porini na hukuweza kumfuga bila kibali. Haukupita muda, mayai yakajaa kila kibanda na wanunuzi hawapo. Waliokuwa na mamia ya kware wakawaachilia, wengine wakawala.

Sasa sikizeni kilichotendeka pale. Wakati bei iko juu, mnunuzi mkubwa hakuwa mlaji. Mnunuzi alikuwa ni mtu anayetaka kuanza kufuga kware. Alinunua mayai ya kutotolesha, alinunua ndege wazazi, alinunua mafunzo na vizimba. Watu wapya walipokwisha, soko likaisha siku hiyo hiyo. Kwa hivyo mimi nikiletewa wazo lolote, nauliza: ukitoa wale wanaotaka kuingia kwenye biashara hii, nani mwingine anainunua? Kama hakuna, kimbia hata kama rafiki yako amejenga nyumba kwayo. Alijenga kwa hela ya waliomfuata.

Daftari la Kaunta

Kongowea, umenipa swali bora kuliko langu. Hapa kwetu liweke kwa sungura, kwa kware wenyewe maana walivuka mpaka, na kwa ile mikataba ya "nunua mifugo tukufugie, wewe pokea faida kila mwezi". Anayekulipa ni mwekezaji aliyeingia baada yako, mfugo ni picha tu ya kwenye brosha.

Matikiti nayo ni ndugu yao wa mbali. Karatasi inasema ekari moja miche elfu mbili, kila mche matunda mawili, tunda 1,500, milioni 6 kwa siku 90. Nimeona karatasi hiyo ikisambaa kwenye makundi tangu sijaota mvi. Haisemi kwamba na mwenzako ameipata karatasi hiyo hiyo wiki hiyo hiyo, mtavuna pamoja, na tikiti likiiva halisubiri. Haisemi nzi wa matunda wala pampu ya maji iliyoharibika wiki ya maua. Mkulima wa matikiti anayetengeneza hela anapanda wakati wengine wameogopa kupanda, na ana maji yake.

Mchumi Uchwara

Samahani wakuu, mbona hakuna anayegusa kodi? Watu wanaambiana mauzo yakiwa chini ya milioni 4 kwa mwaka hulipi kodi ya mapato, wanadhani wako salama.

Daftari la Kaunta

Asante kwa kukumbusha. Hicho ni kiwango cha mauzo, na watu wengi wanakisoma kama faida. Gawa milioni 4 kwa siku 365 unapata elfu 11 kwa siku. Muuza chipsi anauza elfu 11 kabla ya adhana ya adhuhuri. Kwa hiyo usijidanganye. TIN, ile namba ya mlipakodi, unapewa bure TRA, chukua, anza kuweka kumbukumbu za mauzo hata kwenye daftari la shule, maana kwa mfanyabiashara mdogo asiye na kumbukumbu hesabu inakuja kuwa mbaya kuliko kwa aliye nazo. Leseni ya biashara halmashauri. Haya tuendelee, nisije nikafukuza watu kwenye uzi wangu mwenyewe.

Mama Watatu

Habari zenu. Mimi nasaga unga wa lishe nyumbani, Tabata. Mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele. Majirani wanasifia, wawili watatu wananunua kila mwezi. Nataka kuweka laki nane: mifuko yenye nembo, mashine ndogo ya kufunga, nianze kusambaza kwenye maduka ya dawa na vituo vya watoto. Naombeni mawazo, ila msinivunje moyo.

Mama Firigisi

Dada hongera. Ninakuuliza kama mzazi, usinielewe vibaya: mahindi na karanga unanunua wapi, na unajuaje hazina sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu?

Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Haina harufu, haionekani kwa macho, ukipika haiondoki. Karanga na mahindi ndiyo zinaongoza. Na anayekula unga wako ni mtoto wa miezi minane, ambaye uji ndio chakula chake kikubwa kutwa. Kuchambua punje zilizokunjamana na zenye ukungu kunasaidia, kukausha vizuri kunasaidia, kuhifadhi juu ya chaga pasipo na unyevu kunasaidia, ila kujua kwa uhakika ni maabara. Kabla ya mifuko yenye nembo, hapo ndipo laki nane ianzie.

La pili, karanga zina mafuta. Unga wenye karanga ukikaa dukani mwezi na joto hili la Dar unaanza kunuka mafuta yaliyochacha, na mama akiufungua akasikia harufu hiyo hanunui tena, na anawaambia wenzake kliniki. Wapo wanaouza nafaka peke yake na kumshauri mama aweke karanga au maziwa mwenyewe wakati wa kupika. Soya nayo lazima ipikwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusaga, mbichi inamsumbua mtoto tumbo.

Daftari la Kaunta

Nyongeza yangu kwa Mama Watatu ni ya njia tu. Mambo ya chakula yalitoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019 yakahamia TBS, shirika la viwango, kwa hiyo duka la dawa lenye akili litakuuliza alama ya TBS. Pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, wao ndio wanaowashika mkono wajasiriamali wadogo kuelekea TBS, na watakuonyesha chumba cha kusagia kinatakiwa kiweje. Jikoni kwako hapatapita.

Lakini tarehe 20 nakupa alama nzuri. Mtoto anakunywa uji tarehe 20. Mama akikosa hela ya kilo atanunua robo. Una pakiti ya robo?

Mama Watatu

Sina, nilikuwa napima kilo na kilo mbili. Nashukuruni, hasa kwa hilo la sumukuvu, nilidhani ni mambo ya mikoani.

Miwa Baridi

Juisi ya miwa, mashine ya umeme, pembeni mwa barabara pale njia panda ya kwetu. Ninyi semeni tu.

Kaunta ya Saba

Hapo pembeni mwa barabara pa nani? Oktoba 2021 machinga walipohamishwa barabarani, waliolipa kitambulisho cha elfu 20 walikuwepo na wasiolipa walikuwepo, wote walibeba meza. Kama huna makubaliano na mwenye baraza, hesabu kwamba eneo huna.

Daftari la Kaunta

Na kipindupindu kikiingia mjini, juisi ya barabarani inakuwa ya kwanza kupigwa marufuku, 2015 tuliliona. Weka akiba ya mwezi mzima bila mauzo. Masika nayo yanakusubiri. Wazo si baya, ila lina miezi ya kulala njaa, uwe na kitu cha pili.

Ndoo Mbili

Haya na mimi wazo langu, msicheke. Nataka kuwamenyea viazi wauza chipsi. Nanunua gunia, tunamenya na kukata usiku, alfajiri nawapelekea kwenye ndoo zenye maji. Nimepiga mahesabu: gunia 90,000, kama kilo 110. Ukitoa maganda na yaliyooza nabaki na kilo 85. Kumenya 10,000, guta 5,000, maji 2,000. Jumla 107,000. Nikiuza kilo 1,500 nabaki na elfu 20 kwa gunia. Naanzia Sinza na Mwenge.

Kaunta ya Saba

Muuza chipsi ana kijana anamlipa elfu 5 kwa siku, anamenya, anaosha sahani, anatumwa kachumbari. Akuchukulie wewe ya nini?

Daftari la Kaunta

Subiri Kaunta, hili tulitazame vizuri, limenivutia.

Kama muuza chipsi angenunua gunia kama wewe, kilo iliyomenywa ingemgharimu kama 1,060, ongeza ujira wa kijana haifiki 1,200. Usingempata kwa 1,500. Lakini wangapi pale Sinza wananunua gunia? Hawana pa kuweka na hawana 90,000 ya kufunga kwenye viazi. Wananunua ndoo kila asubuhi. Ndoo ya elfu 20 ina kama kilo 17, akimenya anabaki na 13. Hapo kilo imeshafika zaidi ya 1,500 kabla ya ujira wowote. Ukiongeza kijana ni 1,650 hivi. Kwa hiyo Ndoo Mbili anamwokolea mtu kama shilingi 150 kwa kilo na kijana anabaki kufanya mengine.

Ndoo, elewa faida yako inatoka wapi. Unavunja gunia, na pengo kati ya bei ya gunia na bei ya ndoo ndilo linalokulisha. Kumenya ni sababu tu ya mteja kukufungulia mlango. Siku pengo hilo likiziba, mfano mvua zimeharibu barabara za nyanda za juu na gunia likaruka hadi 130,000, utakuwa na wateja waliozoea 1,500. Umewaambia mapema kuwa bei itapanda na kushuka?

Na gunia unapima? Kilo 110 umeambiwa au umeona kwenye mzani? Lumbesa ya leo siyo ya jana, na viazi vya chini ya gunia siyo vile vilivyopangwa juu.

Mama Firigisi

Viazi vilivyomenywa vikikosa maji vinakuwa vyeusi, vikikaa majini mpaka kesho yake jioni vinachacha na povu. Wauzie kile cha siku hiyo tu. Na maji yawe safi.

Tarehe 20 yupo, chipsi kavu watu wanakula hata wakiwa hawana hela ya kuku. Hatari yako ni mkopo. Muuza chipsi atakwambia "nitakupa jioni nikishauza". Jioni mtoto anaumwa.

Ndoo Mbili

Nimerudi wakuu. Nilipeleka kwa wanne kwa majaribio, gunia moja nikavunja kwa siku mbili. Mzani ulisoma kilo 102, siyo 110. Nilibaki na 78. Wawili wamesema niendelee hata kesho. Mmoja anataka vikatwe vyembamba zaidi. Wa nne ndiye mkubwa kuliko wote, anataka kilo 30 kila siku ila alipe Jumamosi kwa wiki nzima.

Daftari la Kaunta

Kwa kilo 78 gharama yako ya kilo ni 1,370. Faida imebaki elfu 10 kwa gunia, nusu ya ulichoandika. Badilisha muuzaji wa gunia kabla hujabadilisha bei.

Wa nne: kilo 30 kwa siku sita ni 270,000 yako anayoishika yeye, magunia mawili na ushee. Mpe kwa keshi tu, au mpe siku ya kwanza kwa mkopo na kila asubuhi alipie ya jana kabla hujashusha ndoo. Akikataa hilo, mwache.

Kaunta ya Saba

Narudisha maneno yangu ya juu. Ila maganda unapeleka wapi? Kilo 24 kwa gunia, siku tatu tu mwenye nyumba anakufukuza kwa harufu.

Ndoo Mbili

Kuna mzee anafuga ng'ombe na nguruwe Goba, anayafuata mwenyewe kwa pikipiki kila asubuhi. Haleti hela.

Mama Firigisi

Yenye ukijani, yaliyochipua na yaliyooza usimpe, yanadhuru mifugo. Mengine yote mpe, na mwambie atakuwa anakuletea maji kwenye madumu akija. Elfu mbili yako ya maji imepona.